Nafundisha uhasibu Tanga, historia ya wenyeji naiweka wapi?

Swali (nimelifupisha): "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Tanga, nafundisha uhasibu mwaka wa kwanza na wa pili. Kwenye kikao cha idara tumeambiwa kila kozi ionyeshe inaingizaje historia ya wenyeji na haki ya jamii, kwamba vyuo vya Kanada wanafanya hivyo na sisi tusibaki nyuma. Wenzangu wamenuna. Mmoja kasema hiyo ni siasa, mwingine kasema Tanzania sote ni wenyeji kwa hiyo halituhusu. Wanafunzi wangu wanachotaka ni kufaulu mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mimi moyoni hili jambo nalitaka ila sijui naanzia wapi, naogopa kuharibu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu na hayo maneno yako ya mwisho, naogopa kuharibu, ndo yamenifanya nikae nikujibu kwa kirefu. Nimefundisha historia chuoni miaka mingi, sasa nimestaafu nakaa hapa Bagamoyo, Dunda, na kila mwaka hakosi mhadhiri kijana wa kunijia na swali kama lako, wa afya, wa sheria, wa kilimo, na kila mmoja anaona somo lake ndo gumu kuliko ya wenzake. Jibu nakupa mapema usije ukapotea njiani: usiongeze mada mpya, ongeza swali moja ndani ya mada ulizonazo. Swali lenyewe ni hili, kazi ilifanywa na nani na jina lililoandikwa ni la nani. Mengine yote nayokuandikia hapa ni namna ya kuliuliza.

Mi mwenyewe swali hili nimelipata kwa mtu wa mtaa wangu, alizaliwa hapa Dunda karibu mwaka 1869, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alichukuliwa kwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki, na wanafunzi wake wengi walikuwa watu wanaoandaliwa kuja huku kwetu kutawala. Hebu fikiria hiyo hali, mwalimu mweusi mbele ya darasa la maafisa watarajiwa wa kikoloni, walimdharau, akalalamika, haikumsaidia. Akaoa mke Mjerumani, mwaka 1905 wakapanda meli warudi nyumbani, wamefika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikakataa mke asishuke, wakageuza na meli. Akafia Berlin mwaka 1927. Sasa huyu mtu ndo aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Waswahili, kitabu kilichotoka 1903, kila anayesoma historia ya pwani hii lazima akipitie, harusi, jando, safari za bara, utumwa, vyote vimo kwa Kiswahili cha hapa hapa. Ila kilipochapwa jina lililokaa mbele kama mkusanyaji na mhariri ni la Mjerumani Carl Velten. Nilipokuwa mwanafunzi na mimi nilimnukuu Velten, tena kwa kujiamini, nikapewa maksi nzuri. Imenichukua miaka kujua kwamba maneno niliyokuwa nanukuu ni ya mtu ambaye kwao naweza kwenda kwa mguu kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo kila kitabu, kila jedwali, kila hesabu nikiiona nauliza, nani kafanya, nani kaandikwa.

Tuje Kanada maana mmeambiwa Kanada. Wale hawakuamka siku moja wakaona ni vizuri. Kuna shule za bweni ambazo serikali na makanisa waliziendesha zaidi ya miaka 100, watoto wa wenyeji, watu waliokuwepo kabla ya Wazungu, wanaondolewa kwa wazazi wao wakafundishwe kusahau lugha na mila zao, watoto kama 150,000 walipita huko, wengi hawakurudi, na shule ya mwisho imefungwa juzi tu, miaka ya 1990. Tume yao ya Ukweli na Maridhiano ikamaliza kazi 2015 na kutoa wito 94 wa kuchukua hatua. Wito namba 24 unazitaka shule za udaktari na uuguzi ziweke kozi ya lazima ya historia hiyo na haki za wenyeji, namba 28 shule za sheria, namba 62 unagusa elimu kwa ujumla. Na namba 92, huu mwambie yule mwenzako aliyenuna, unayataka makampuni na watu wa biashara wafundishwe historia hiyo mameneja na wafanyakazi wao. Kwa hiyo hata wao walioanza hawakuona kwamba mhasibu anaachwa nje. Mwaka 2016 vyuo vya Winnipeg na Lakehead wakaanza kudai kila mwanafunzi asome angalau kozi moja ya namna hiyo kabla hajahitimu.

Cha kujifunza hapo ni kwamba walianzia kwenye jeraha lao wenyewe. Ukichukua kozi yao ukaileta Tanga nzima nzima utakuwa unafundisha jeraha la watu wengine na wanafunzi wako watakariri tarehe za Kanada wakajibie mtihani. Jeraha lako wewe liko wapi? Hilo nalirudia hapo chini.

Kuhusu huyo anayesema sote ni wenyeji. Ana hoja, simkatai, na serikali yetu imekuwa na msimamo huohuo, kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji wa hapa. Ila mwulize kitu kimoja tu, anawajua Waakie? Wako mkoani kwenu, upande wa Kilindi kuvukia Kiteto, watu wa asali na mawindo tangu zama, lugha yao imebaki na wasemaji wachache sana. Majirani wengi wanawaita Wandorobo, na hilo jina limetoka kwa Wamaasai, linamaanisha masikini, mtu asiye na ng'ombe. Sasa fikiria unaitwa kwa kitu usicho nacho. Mwanafunzi anaweza kuzaliwa Tanga, kusoma Tanga, kuhitimu Tanga na asiwahi kusikia jina ambalo hawa watu wanajiita wenyewe. Kwa hiyo hata kama sote ni wenyeji hatukuandikwa sawa, na hiyo ndo maana ya neno haki kwenye hilo agizo mlilopewa. Hivyo hata neno lenyewe ukilitumia darasani usiligombanie sana, waambie wenyeji hapa nina maana ya watu waliokuwepo na waliofanya kazi ila kumbukumbu haikuwaweka.

Sasa uhasibu. Hapa ndo nataka nikae maana wewe una bahati ambayo sidhani kama umeiona. Uko Tanga, mkoa wa mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ilisafirishwa kama 1,000 kutokea Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Hii kila mtoto wa Tanga anaijua nusu, wanasema Hindorf kaleta mkonge basi. Nusu ya pili ni kwamba mmea huo asili yake ni Meksiko, na huko Yucatán Wamaya waliutumia kwa kamba na nyuzi kabla hata Mzungu hajafika, na jina lake la kizungu, sisal, ni jina la bandari ya huko huko Yucatán. Na wakati miche inapandwa Pangani, kule Yucatán Wamaya wenyewe walikuwa vibarua kwenye mashamba makubwa ya henequen, ndugu wa karibu wa mkonge, wamefungwa kwa madeni, mtu anakopeshwa na tajiri wa shamba, deni linaandikwa kwenye kitabu, na kwa sababu ya lile deni hawezi kuondoka. Unaliona hilo? Kilichomfunga yule mtu ni leja, ni mstari kwenye ukurasa wa wadaiwa. Mi sio mhasibu ila nakwambia hakuna somo ambalo historia ya wenyeji imo ndani yake kama lako, kwa sababu dhuluma nyingi ziliandikwa, na zimeandikwa na wahasibu.

Haya njoo kwetu. Kipande. Waulize wanafunzi wako nani nyumbani kwao ana babu au bibi aliyefanya kazi ya mkonge, mikono itanyooka, maana kambi zile zilijaa watu kutoka Njombe, Songea, Kigoma, mpaka Rwanda na Burundi, na wengi wao hawakurudi, wameoa hapo wamezika hapo. Wale walioandikishwa mbali wakaletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa zile namba walizopewa. Mtu kaacha jina lake kwao kaja kuwa namba. Na kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30, ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, ukiugua au kazi haikutimia siku hiyo huna alama, na malipo ni mpaka alama 30 zitimie. Siku 30 za kazi, sio siku 30 za kalenda, kwa hiyo mtu anaweza kwenda mwezi na nusu ndo kipande kinajaa. Huu mtindo ulianza enzi za Wajerumani huko Usambara, Lushoto wakati huo wanaiita Wilhelmstal, na Waingereza wakaendelea nao.

Sasa wewe unafundisha mwaka wa kwanza malimbikizo, zile gharama ambazo zimeshatokea ila hazijalipwa. Najua kwenye vitabu mfano ni bili ya umeme ya mwezi Desemba. Toa bili ya umeme weka kipande. Waambie hivi: shamba lina vibarua 500, mwaka wa hesabu unaisha leo, kwa wastani kila mmoja ana alama 15 kwenye kadi yake, kipande kizima ni shilingi 15 (hiyo namba ya mazoezi tu), shamba linadaiwa na wafanyakazi shilingi ngapi? Watakwambia 3,750. Vizuri, sasa waulize, kama karani anaandika siku anayolipa tu, hiyo 3,750 iko wapi kwenye vitabu? Haipo. Kazi imefanyika, mkonge umekatwa, korona, ile mashine ya majani ya mkonge, imesaga, singa, yaani nyuzi, zimeanikwa zimekauka, pengine ziko tayari melini, faida imeonekana, ila deni la watu 500 halionekani popote. Kisha uliza la mwisho halafu nyamaza kidogo: aliyeugua akiwa na alama 22 akarudi kwao, hizo siku 22 zimekaa kwa nani?

Nimemwona mwenzangu akiifanya hii kwenye darasa la wanafunzi kama 80. Aligawa fotokopi ya karatasi yenye vyumba 30 vitupu, kitu kidogo cha ukubwa wa kiganja, akawaambia kila nikisema siku jazeni kimoja, na kila siku anawanyooshea watu kadhaa kidole, wewe leo umeumwa homa, wewe kazi yako haikutimia. Alivyofika siku ya 30 ya kalenda darasa zima watu watatu tu ndo walikuwa wamejaza. Kulikuwa na kijana kakaa nyuma, kimya siku zote, akasimama akasema babu yangu kipande chake kiko nyumbani kwenye sanduku, mama alikuwa hataki tukiguse. Wiki iliyofuata akaja nacho kwenye bahasha ya kaki. Hakuna aliyeongea. Kilipita mkono kwa mkono darasani watu wanakishika kwa ncha za vidole, alama zimefifia, kona moja imeliwa na mende, na yule mwenzangu akaniambia hajawahi kuwa na kundi lililoelewa malimbikizo kama lile, kwenye testi swali hilo karibu wote walilipata. Kwa hiyo hiyo hofu ya NBAA iondoe. Hujapunguza hata dakika moja ya silabasi, umebadilisha mfano. Na ndo maana sikushauri uombe kozi mpya, maana kozi mpya lazima ipite idara, ipite seneti, iende mpaka TCU, tume ya vyuo vikuu, miaka inakatika, wakati mfano ni wako, unaubadilisha usiku kesho unafundisha.

Usichukue mkonge tu. Kwa wenzako wa baiolojia wape hii. Lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya na Marekani linakaa kwenye vyungu madirishani, ni la kwenye misitu ya Usambara na maeneo ya jirani. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi Saintpaulia, jina la ukoo wake. Likauzwa dunia nzima. Washambaa waliishi nalo kabla ya hapo. Mwanafunzi wa Tanga aliyesoma botania aende Lushoto akaulize wazee wanaliitaje na wanalitumiaje, arudi aandike. Asaimenti nzima hiyo.

Sasa kwenye kuharibu, maana umesema unaogopa, na unafanya vizuri kuogopa, mi nimeharibu mara moja na naikumbuka. Kuna mbuyu hapa Bagamoyo kwenye viwanja vya misheni, una kipande cha mnyororo kimemezwa na gamba la mti, kinaonekana kidogo tu. Nilileta wanafunzi, nikawaambia kwa sauti ya uchungu kabisa hapa ndo walifungwa watumwa. Dada mmoja akalia. Jioni mtu wa hapo misheni aliyetunza kumbukumbu akaniita pembeni kwa adabu akaniambia mwalimu, mnyororo ule ulikuwa wa punda wa mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, mwishoni mwa karne ya 19. Nilishikwa na aibu sana. Wale wanafunzi ilibidi niwaandikie mmoja mmoja. Utumwa Bagamoyo ulikuwepo, huo hauhitaji kutiwa chumvi, misafara iliishia hapa, watu waliletwa hapa wakavushwa Zanzibar, misheni yenyewe ilipofunguliwa 1868 ilianza na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi watoto. Ukiweka uongo mmoja kwenye kitu kama hicho anayetaka kuukana ukweli wote umempa fimbo. Kwa hiyo kabla hujapeleka mfano darasani hakikisha, na kama huna hakika usiutumie, chukua mwingine, mifano ipo mingi.

Na hapo kwenye utumwa kuna kitu kizito kuliko mnyororo. Utumwa kisheria Tanganyika umefutwa 1922. Sio zamani. Maana yake bibi za bibi zetu walikuwepo, wengine wakiwa wamemilikiwa na wengine wakiwa wanamiliki, na hapa pwani mpaka leo watu wanajuana nani katoka wapi, haisemwi kwa sauti ila ikija habari ya posa utaisikia jikoni. Kwenye darasa lako la watu 80 wamo wajukuu wa pande zote mbili wamekaa dawati moja. Bushiri bin Salim, shujaa wetu, aliyewasimamia watu wa Pangani dhidi ya Wajerumani 1888 mpaka wakamnyonga hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima. Yote mawili ni kweli na yote mawili yafundishwe. Nikiona mtu anaifundisha historia ya wenyeji kana kwamba kabla ya Mzungu hapakuwa na mnyonge naumia, kwa sababu yule mnyonge anafutwa mara ya pili, na safari hii na sisi. Kwa hiyo usimlazimishe mwanafunzi aseme ukoo wake mbele za watu. Kamwe. Yule kijana wa kipande alisimama mwenyewe. Asiyetaka aandike kwenye karatasi akupe wewe, au asiandike kabisa achukue mfano wa shamba, na maksi zake ziwe zilezile.

Hiyo habari ya siasa sasa. Mwambie mwenzako chuo kilikuwa kwenye siasa hii kabla yeye hajazaliwa. Hermann von Wissmann, huyo ndo aliyeongoza jeshi lililomnyonga Bushiri, Wajerumani wakamjengea sanamu Dar es Salaam 1909, yeye kasimama juu, chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kumtukuza. Baada ya vita ya kwanza Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1922 Wajerumani wakaisimamisha wapi? Mbele ya jengo la Chuo Kikuu cha Hamburg. Na chuo kile kilikuwa kimerithi taasisi iliyoandaa watu wa makoloni na kufundisha Kiswahili kwa ajili hiyo. Wanafunzi wa Kijerumani ndo wakaiangusha kwa kamba, 1967 ikarudishwa, 1968 wakaiangusha tena haikurudi. Mi kinachonikaa moyoni ni yule askari wa chini. Wissmann ana jina, simba aliyelala pale kila mtu anajua ni simba, yule askari jina lake hakuna anayeuliza. Sasa chuo kilichokaa na ile sanamu mbele yake hakikuona kama kinafanya siasa, kiliona kinafanya elimu.

Na sisi wenyewe tulishaanza zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 kiliwatuma wanafunzi wa historia kusini, wakakaa na wazee walioiona au waliosimuliwa vita ya Majimaji, wakaandika maneno yao, na ukizisoma karatasi zile unakuta majina ya wazee waliohojiwa yamo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ndo walifanya ile kazi, na mpaka leo watafiti wakubwa wa dunia wanainukuu. Kipindi hichohicho Dar ikaleta somo la maendeleo kwa wanafunzi wa fani zote, injinia, daktari, mwanasheria, wote wakae wasome kwa nini nchi yao ni masikini. Wazo zuri sana. Ila nilichokiona kwa macho yangu kwenye chuo nilichofundisha, baada ya miaka somo la namna hiyo likabaki la notsi za kurithishana, watu wanakariri usiku wanafaulu asubuhi wanasahau mchana, kwa sababu lilikaa peke yake pembeni halikuguswa na somo ambalo mtu kaja kulisomea. Ndo maana nakusisitizia, liwe ndani ya leja.

Mambo madogo ya kufanyia kazi, harakaharaka. Ukiwatuma wanafunzi kwenye kambi za zamani za mkonge wawe na barua ya chuo, waanze kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, wasiibuke tu na simu zao wanarekodi wazee. Waende wawiliwawili. Wamwombe mzee ruhusa kwa Kiswahili cha kawaida, wamweleze maneno yake yataenda wapi, na wamwulize kama anataka jina lake liandikwe au lisiandikwe, wengine watakataa na wana sababu zao. Akikubali, liandikwe kamili kama anavyolitamka yeye, na kazi ikiisha nakala moja irudi kwake, isomwe kwa sauti kama hasomi. Wasiende mikono mitupu pia, sukari kilo moja, sabuni, hiyo sio rushwa ni adabu ya kuingia nyumba ya mtu. Na usimfanye mwanafunzi mmoja anayetoka kambini kuwa ndo mwalimu wa wote kila wiki, anachoka, hakuja chuo kuwa maonyesho.

Usianze na kozi nzima. Anza na mazoezi matatu semista hii: kipande kwenye malimbikizo, deni la Wamaya kwenye wadaiwa, na ile miche 62 kati ya 1,000 kwenye upotevu wa mali, huo wa mwisho utakuchukua dakika kumi tu. Kwenye ile fomu ya idara usiandike maneno makubwa, andika hivi: "Wanafunzi watarekodi gharama za kazi za shamba la mkonge kwa mfumo wa kipande, wataonyesha deni kwa wafanyakazi mwishoni mwa mwaka, na wataeleza kwa aya moja ni nani hakuonekana kwenye vitabu na kwa nini." Mkuu wa idara akiuliza hiyo aya moja ya nini kwenye uhasibu, mwambie ina maksi tano kati ya ishirini na wewe ndo unasahihisha.

Yule kijana, kwa taarifa yako, kile kipande alikirudisha kwa mama yake. Aya yake ilikuwa na mistari minne, jina la babu, namba aliyopewa, shamba, na siku 22.